Spika ya Nyuma Kulia

Mama mdogo alitaka jambo moja tu kwenye gari lake: ajisikie akiimba.

Hakuanza kwa kusema hivyo. Alisema anataka spika. Alifika karakanani kwangu mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, gari linachuruzika maji, baba mdogo kakaa kando yake amekunja mikono kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Mimi ni fundi umeme wa magari. Nina diploma ukutani na inzi wawili wanaoisoma kila siku, na nikiona mume kanuna ndani ya gari la mkewe, najua njiani kulikuwa na maneno.

"Funga hivi," mama mdogo akasema, akanishushia maboksi. Amplifaya ya chaneli nne na spika nne, zote mpya. "Nataka hata sindano ikianguka isikike."

"Sindano gani tena, mama?"

"Mimi."

Baba mdogo akacheka kwa puani. "Mweleze mwanao ulivyokuwa staa. Usimfiche."

Ukoo mzima tunaijua hadithi hiyo. Enzi za usichana wake, mama mdogo aliitikia kwenye wimbo mmoja uliorekodiwa. Wasichana walikuwa watatu, yeye kasimama pembeni kabisa. Wimbo ukapendwa, redio zikaupiga mpaka ukachoka wenyewe. Shida ni kwamba mwimbaji mkuu alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa, na nyuma yake wale wasichana ni ukungu mtupu. Hakuna aliyewahi kumtambua mama mdogo humo ndani. Yeye mwenyewe hajawahi. Baba mdogo, aliyekuja kumuoa baadaye, husema siku hiyo mkewe alikwenda kumshikia mwimbaji pochi. Ni utani, ndiyo. Lakini utani wa namna hiyo ni kama kijiwe kwenye wali: kidogo, ila kila siku kinapata jino lile lile.

"Nikifa bila kujisikia," akaninong'oneza tukiwa kwenye buti, "na mimi nitaanza kuamini habari ya pochi."

Nikaanza kazi. Waya mnene mwekundu kutoka kwenye betri, na fyuzi yake hapo hapo karibu, maana moto haubishi hodi. Waya mweusi kwenye bodi, nilipokwangua rangi mpaka bati likang'aa. Amplifaya nikailaza chini ya kiti. Baada ya hapo ni ndoa tu: kila spika ina waya mbili, chanya na hasi, na kila chaneli ina matundu mawili, chanya na hasi. Kila mmoja na wake, hakuna kupitia dirishani.

Nilipomaliza spika za mbele tukajaribu. Wimbo ulikuwa kwenye flashi. Milango yote minne wazi, maji yanadondoka kutoka ukingo wa paa la karakana, na ile sauti ikatoka ikakaa juu ya dashibodi kama mtu kamili, amevaa suti. *Umeondoka na kiangazi*, akaimba. Huko nyuma yake, mbali, ukungu ukajibu kitu.

Mama mdogo alikuwa amefumba macho. Wimbo ukaisha, hakuyafumbua.

"Nzuri sana," akasema, kwa sauti ile anayoambiwa fundi cherehani aliyeharibu gauni.

"Bado za nyuma, mama."

"Haya, baba. Malizia."

Baba mdogo akahamia kiti cha nyuma ajinyooshe. Mama mdogo akakaa kwenye stuli karibu yangu, akawa anaghuna ule wimbo kwa mdomo uliofungwa, polepole. Jua lilikuwa limetoka, sakafu yenye maji inafuka mvuke, na mghuno ule ukanishika kichwani kama usingizi wa mchana. Mikono ikafanya kazi peke yake. Nikaunga spika ya kulia, nikaielekeza sauti yote nyuma, nikawasha.

Kilichotoka sijawahi kukisikia. Besi haikuwepo. Ngoma zilikuwa zinapigwa chini ya maji. Na yule mwimbaji mwenye suti hakuwepo tena. Kilibaki kivuli chake, mwangwi tu, kama harufu ya sabuni mtu akishatoka bafuni. Wimbo mzima ulikuwa nyumba ambayo wenyewe wamehama. Na ndani ya nyumba hiyo, kwenye kona, msichana mmoja akavuta pumzi, akaimba: *rudi, rudi na mvua*.

Nikainama kuangalia. Waya zote mbili za spika nilikuwa nimezichomeka kwenye chanya: moja kwenye chanya ya chaneli ya kushoto, moja kwenye ya kulia. Ukifanya hivyo, chochote kilicho sawa pande zote mbili kinafutana, na kinachobaki ni kile kilichokaa upande mmoja. Mwimbaji alirekodiwa katikati. Kafutika. Huyu alikuwa pembeni.

"Huyo nani?" mama mdogo akauliza.

"Si wewe, mama? Si ulisimama pembeni?"

Akasikiliza tena, shingo kainyoosha. Nikaona uso wake ukishuka. "Hapana. Huyo ni katoto. Mimi nilikuwa na sauti ya kujaa." Akajifuta mikono kwenye kanga, japo haikuwa na kitu. "Atakuwa mwenzangu. Labda kweli nilishika pochi."

Nilidhani baba mdogo ataruka juu ya hiyo kama kuku na mchwa. Kumbe alikuwa ameinama, sikio karibu liguse spika.

"Rudisha," akaniambia.

Nikarudisha.

"Tena. Anza kabla hajaimba."

Nikarudisha tena. Pumzi, kisha *rudi*.

"Hiyo pumzi," akasema. "Anaivuta, halafu anaikata katikati kama amebadili mawazo." Hakumwangalia mkewe. "Mimi nikiwa uani naisikia hiyo kwanza, ndipo nasikia jina langu. Kila siku. Ni wewe, mama watoto."

Mama mdogo akafungua mdomo kujibu, akavuta pumzi, na sote watatu tukaisikia ikikatika. Akaufunga.

Mimi nikajifanya natafuta bisibisi niliyokuwa nimeishika.

Baadaye kidogo nikakohoa. "Mama, hapo nilikosea waya. Nirekebishe?"

"Ukigusa hapo utafute mama mdogo mwingine."

"Basi angalau hii ya kushoto niiunge inavyotakiwa."

"Hiyo fanya utakavyo. Hii ya kulia iache na ujinga wake."

Wimbo ulikuwa umerudi mwanzo wenyewe, ile nyumba tupu, ngoma za chini ya maji. Baba mdogo akasogea kwenye kiti, akapapasa nafasi iliyo kando ya spika, na mama mdogo akaingia akakaa hapo. Walikaa kama abiria wa gari lililokwisha kuondoka.

"Hebu niambie," baba mdogo akasema. "Siku hiyo ulivaa nini?"

Miaka yote mama mdogo alikuwa akiisimulia siku ile bila kuulizwa. Sasa ameulizwa, na ilibidi kwanza atafute pa kuanzia.