Karafuu Kwenye Chumba cha Panya

Katika maabara ile ya Bombolulu, panya walikuwa na haki ambazo Nyamvula hakuwa nazo. Panya akikunja uso na kujibanza upande wa giza wa kisanduku chake, Daktari Nduku hushusha sauti, huamuru taa zipunguzwe, na huandika kwamba kiumbe huyu anaumwa. Hakuna aliyemwambia panya kwamba anajisingizia.

Walikuwa wakidungwa sindano ya dawa ya moyo, wakapumzishwa siku moja, wakadungwa tena, hadi washikwe na kipanda uso kisichokwisha. Ndivyo tiba mpya inavyotafutwa, na Nyamvula hakuwa na ugomvi na hilo. Kazi yake ilikuwa kubadilisha maranda ya kulalia panya, kujaza maji na kunyamaza. Yeye kipanda uso alikuwa nacho tangu usichana, wala hakudungwa na mtu. Kikimjia hushika upande wa kushoto, jicho likatoa machozi, chakula kikarudi, na mwanga wa dirishani ukawa adui. Alimwonea panya wivu, akaona aibu kumwonea panya wivu.

Jumatatu ile kiliamka naye. Alikwenda kuomba ruhusa akalale gizani, siku hiyo tu. Daktari Nduku hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Alimsikiliza kwa nusu sikio, macho kwenye kompyuta, akasema kila mtu huumwa na kichwa, hasa Jumatatu, ameze panadol arudi kazini. Akiomba ruhusa tena, kazi atapewa mwingine. Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini huyu alikuwa ameandika makala mazima juu ya kunguni.

Kesho yake maumivu yalizidi. Mavyaa yake, Bi Kafedha, alifanya linalofanywa nyumba nyingi za Mjambere: alisaga karafuu, akampaka kwenye paji la uso, akamfunga leso kichwani kwa nguvu zake zote. Nyamvula alijua kwamba chumba cha panya hakiingii manukato wala dawa ya kuchua. Alipofika langoni alinawa uso kwa sabuni mara mbili, kisha akaficha leso chini ya kofia ya kazi. Kuifungua hakuthubutu, maana aliona ndiyo iliyokishika kichwa kisipasuke.

Karafuu si kitu cha kufichwa na kofia. Panya waliinusa kabla ya watu, wakakimbilia gizani wote, hata wale waliodungwa maji matupu kwa ajili ya kulinganisha, ambao kwa kawaida walikuwa wazima. Vipimo vya wiki nzima vikaharibika.

Daktari Nduku aliifuata harufu hadi mwisho wa ujia, nyuma ya magunia ya maranda, pale taa ilipokuwa imeungua. Nyamvula alikuwa amejikunyata chini, leso ameivuta hadi machoni.

"Ni wewe umeingia na karafuu?"

"Ni mimi, Daktari. Niwie radhi. Ni kichwa."

"Umesumbua wanyama ambao tayari wako na maumivu. Unajua vile wanateseka?"

Nyamvula aliinua uso taratibu. "Nyinyi huwajuaje kwamba wanaumwa?"

Daktari aliipenda kazi yake, kwa hiyo hata katika hasira zake alijibu. "Wanakunja uso. Wanakimbia mwanga, wanakataa kula. Mnyama hawezi kudanganya."

Nyamvula akangoja. Aliamini kabisa kwamba sasa, baada ya kuyasema hayo kwa kinywa chake mwenyewe, yule mama daktari angemtazama. Na kweli alimtazama. Aliwasha tochi ya simu ili aione vizuri ile leso, na mwanga ukamwingia Nyamvula jichoni. Akakunja uso, akageukia ukutani.

"Usinipe mgongo nikikuongelesha," alisema Daktari Nduku, na kwa kosa hilo la dharau akamwachisha kazi pale pale.