Vibuyu vya Buchani

Nzi ndiye aliyetaka kunifungia bucha. Si nzi mwenyewe, maana nzi hana neno na mtu, ni kiumbe anatafuta riziki yake. Ni mdomo wa shemeji yangu. Huyu ni mume wa dada yangu mdogo, mtaa mzima unamwita Mjuaji, na jina limemkaa kama kofia ya kupimwa. Kazi nilimfundisha mimi. Alipoiva akavuka barabara, akafungua bucha yake mkabala na yangu. Sawa, riziki haina mwenyewe. Lakini kila mteja akipita, yeye anapaza sauti: "Mama, njoo huku! Kwa mzee pale unapimiwa nusu nyama, nusu nzi!"

Watu wakacheka. Na niwaambie, wajukuu zangu, mtu akishaicheka nyama yako, hainunui tena. Jioni, saa ambayo zamani sikupata hata nafasi ya kufuta jasho, nikawa nakaa kwenye kigoda nanoa kisu ambacho tayari kinanyoa. Nikawa nataka kitu kimoja tu duniani: yale maneno aliyoyatema mbele ya watu, ayalambe mbele ya watu walewale.

Sasa, binti yangu, yule shangazi yenu wa bustani ya miche, siku moja akaniletea mmea wa ajabu. Majani marefu, na kwenye ncha ya kila jani kinaning'inia kibuyu kidogo chenye kifuniko, chekundu kama ini.

"Baba, huu unakula nzi."

"Na wewe umeanza kunicheka?"

"Kaa uone."

Tukakaa. Nzi akaja, akalamba utamu wa mdomoni mwa kile kibuyu, mguu ukateleza, chubwi! Hakutoka. Lo! Niliupenda mmea ule kama nilivyompenda bibi yenu, na bibi yenu akalijua hilo, akanuna siku nzima.

Basi nikafanya kosa la muuza nyama. Sisi tukipenda kitu, tunakilisha nyama. Nikaukatia vipande vya ini, kila kibuyu na chake. Hazikupita siku nyingi vikawa vyeusi, vikaoza, vikanuka, na nzi wakaja kama wamealikwa harusini. Binti yangu akashika kiuno.

"Baba! Tumbo lake ni la mdudu mmoja mmoja, si la ng'ombe!"

Akakata vilivyooza, akanifundisha upya, polepole kama mtoto. Maji ya mvua tu, ya bomba yana chumvichumvi inayoua mizizi. Mbolea hapana. Udongo mweusi wa shamba hapana, uweke makumbi ya nazi yaliyooshwa na mchanga mkubwa. Mwanga mwingi, ila jua kali lichujwe na kitambaa chepesi. Unyevu uwepo, lakini mizizi isiogelee. "Huu umezoea njaa, baba. Ukiushibisha, umeuua."

Nikatega pipa chini ya mfereji wa bati. Kila asubuhi, kabla sijafungua bucha, naupulizia majani maji kama namnawisha mtoto uso. Vibuyu vikarudi, vinene kushinda vya kwanza. Tukakata matawi tukapanda, ikawa mingi, nikaining'iniza barazani mbele ya bucha. Nisiwadanganye, ile mimea haimalizi nzi. Kazi ya nzi ni wavu na sabuni, na hivyo pia niliviweka. Lakini nani atoke kwake kuja kutazama wavu? Watu walikuja kumwona nzi akizama. Na mtu akishasimama buchani akacheka, haondoki mikono mitupu.

Mjuaji akaona. Akavuka barabara na tabasamu la kuazima.

"Shemeji, za asubuhi?"

"Nzuri, shemeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Ndugu ni ndugu tu. Nipe mche mmoja. Na siri yake."

Hapo moyo wangu ulicheka kabla ya meno. Namjua huyu mtu. Tangu namfundisha kazi, ukimwambia kata hivi, anakata vile. Yeye hajawahi kumpa mtu ukweli, basi anadhani sote tuko hivyo. Ningemdanganya, angefanya kinyume, akaponea hapohapo. Nikaamua kumwangamiza kwa ukweli mtupu.

Nikamchagulia mche mzuri kuliko yote, nikasema kwa sauti, maana mama mshonaji alikuwa pale anasubiri mbavu zake: "Maji ya mvua tu. Mbolea usiweke. Na nyama, shemeji, nakuomba, hata ya ukubwa wa ukucha usiupe."

Akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Mmea wa buchani usile nyama! Mimi mtoto mdogo? Hivi vyekundu hivi, si unavilisha maini?"

"Nimekwambia yangu. Mama mshonaji, umenisikia?"

"Mimi? Hadi cherehani yangu kule nyumbani imesikia."

Haikupita wiki dada yangu akaja mbio. "Kaka, yule mwanamume ameupa ini, ameupa damu, ameujazia samadi, na anaumwagilia kwa mpira wa bomba! Nikimkataza ananiambia ukoo wetu wote ni wajanja."

"Mwache, dada."

"Nimemwacha. Nimekuja tu usikose uhondo."

Mche niliuonea huruma. Mwenye mche, hata ya kijiko sikuwa nayo.

Jumamosi, wateja wamejaa kwake, kibuyu kilichoning'inia juu ya gogo lake la kukatia nyama kikaoza kitako. Uozo wote, pwaa, juu ya paja la ng'ombe. Harufu ile, wajukuu zangu, ingemfufua maiti akahama. Watu wakavuka barabara wamebana pua, wakaja kwangu. Naye Mjuaji nyuma yao, chungu cha ule mche mkononi kinachuruzika.

"Umenipa mche wa sumu!"

Nikaweka kisu chini taratibu. "Shemeji, nilikwambia nini juu ya nyama?"

Akajifanya anafuta chungu.

"Nilikwambia nini?"

"Ulisema... nisiupe."

"Huku nyuma hatujasikia!" mama mshonaji huyo.

"Alisema nisiupe nyama!"

"Na nzi, shemeji? Leo wako bucha ya nani?"

Akamtazama mkewe aliyekuwa amemfuata, labda atamwokoa. Dada yangu akakunja mikono. "Jibu, baba watoto. Kaka amekuuliza."

"Wako kwangu."

"Na kwangu je?"

Akakitua chungu chini. "Kwako hakuna nzi."

Tamu, wajukuu zangu! Asali haifui dafu. Wakati huohuo nzi mmoja alikuwa ametua kwenye gogo langu, anasugua mikono kama mwenye duka. Nikamfunika na tambara, nikauliza, "Haya, nani anafuata?"