Wanaolaza Magodoro

Godoro la sufi likitoka tu kushonwa halilaliki. Linakuwa limevimba katikati, ukijilaza linakutupa pembeni kama punda asiyekutaka. Ndiyo maana mama mkwe wangu, aliyenifundisha kazi hii, hakumpa mteja godoro kabla halijalazwa. Kulilaza ni kulitandikia shuka, ukamtafuta mtu mwenye usingizi wa kweli, akalala juu yake mchana, leo na kesho na keshokutwa, mpaka sufi ijue mabega yanakaa wapi na kiuno kinakaa wapi. Mtu wa kufumba macho huku anawaza hafai. Godoro linajua.

Zamani waliokuwa wakinilazia ni wanangu. Wa kwanza alikuwa anajigeuzageuza, godoro likawa na mabonde. Wa pili alikuwa anapiga mateke. Kitinda mimba wangu ndiye aliyekuwa mlalaji. Ukimlaza baada ya chakula, jua likipoa unamkuta vilevile, mdomo wazi, na godoro limetulia kama maji ndani ya beseni. Wateja walikuwa wakifika wananinong'oneza, "Mama Sufi, nipe alilolala yule mdogo."

Akakua, akaacha kulala. Unga ulimchukua polepole, kwanza macho, halafu mwili, halafu akaona aibu hata kupita karibu na ua wangu. Akahamia nje, mara kwenye vibaraza vya maduka, mara chini ya daraja. Nilimtafuta. Kila nikifika nakuta ameondoka sasa hivi, maboksi aliyolalia bado yana joto. Nilikuwa nabeba chai kwenye chupa, narudi nayo. Nikitia mkono kwenye yale maboksi nilikuwa nasema, haya, leo angalau nimemgusa.

Basi siku moja Nesi akaingia uani. Nesi ni jirani yangu, mlango wake unatazamana na wangu, na kazi yake ni katika kliniki ile ambayo wanaotaka kuacha unga wanakwenda kunywa dawa kila asubuhi. Alivua viatu akajitupa kwenye rundo la sufi, akazama mpaka kwenye makwapa.

"Bibi Sufi, nimechoka," akasema. "Dawa wanakunywa. Wanapanga foleni vizuri tu, kama watoto wa shule. Shida ni wakishatoka mlangoni. Waende wapi? Usiku hawakulala, walikuwa wanalinda viatu vyao visiibwe. Mchana kila kibaraza wanafukuzwa. Na muuza unga anawasubiri pale kwenye kona, anawaita kwa upole kuliko mimi."

"Sasa wanataka nini?"

"Kwanza usingizi. Hayo mengine nitaongea na mtu aliyelala."

Fundi, yule anayenishonea mifuko ya magodoro, alikuwa chini ya bati na cherehani yake. Mguu wake ukasimama.

"Bibi, si juzi hapa ulikuwa unalia huna mtu wa kulaza magodoro?"

"Sikuwa nalia. Nilikuwa naongea."

"Ulikuwa unaongea na machozi."

Tukatazamana wote watatu. Sufi ilikuwa inaelea hewani kama kawaida yake, na mimi nakumbuka unyuzi mmoja ulitua kwenye ukope wa Nesi, hakuupangusa.

Mtaa wetu hauna tajiri, ila una watu. Dobi alisema shuka niachie mimi. Mwoka mikate alisema haiwezekani watu waamke na njaa huku tanuri lake liko mita chache pale. Wenye mabati ya akiba wakayaleta, banda langu likarefuka mpaka likagusa ukuta wa duka la jirani. Nesi akawa anakuja na watu wake wa kliniki asubuhi, baada ya dawa, wamefuatana kimya. Na kila mtu alikuwa analipwa ujira wake, maana kulaza godoro ni kazi, na nilikuwa nawaambia hivyo hivyo: mwanangu, umekuja kazini, lala vizuri.

Siku ya kwanza yuko aliyefika amejifunika uso kwa shati lake. Alijilaza, akavuta shuka mpaka juu ya kichwa. Wenzake wakamwangalia, nao wakavuta zao. Nikataka kusema jambo, Nesi akanibana mkono.

"Waache. Wengine wana mama zao mtaa huu huu. Wakijua wanatazamwa, kesho hawaji."

Ikawa ndiyo sheria. Kwangu hakuna anayefunua shuka ya mtu. Hata muuza unga aliacha ile kona baadaye, maana nani amwite, wakati watu wake wote wanakoroma?

Mtu aliyenisumbua ni Mwenye Duka, ambaye ukuta wake ndio wetu. Alikuwa anachungulia juu ya ukuta amekanyaga kreti la soda.

"Bibi, unafuga wezi!"

"Wamelala, baba. Umewahi kuona mwizi anaiba amelala?"

"Wakiamka je?"

"Wakiamka wananichambulia sufi. Na wewe ukilala kidogo hutakuwa na maneno hayo."

Fundi akacheka mpaka uzi ukamkatikia. Lakini maneno yangu yalimchoma Mwenye Duka kuliko nilivyotaka, maana kweli alikuwa halali. Kila usiku anasikiliza makufuli yake. Siku chache baadaye akaja kwa mlango, kwa heshima zote, anataka godoro.

"Ila langu asililale yeyote katika hao. Lilaze wewe mwenyewe."

"Mimi nilale mchana kweupe, kazi afanye nani?"

"Bibi, nakuomba."

Basi nikamlazia. Nilichagua kitambaa cha mistari ya bluu, na kwa kuwa Fundi hapendi kubakiza kitambaa, akashona mifuko miwili inayofanana kama pacha. Nikaijaza, godoro moja nikaliweka penye kivuli nikawa najinyoosha juu yake baada ya kula. La pili likawekwa kule pembeni ukutani, alikolala mmoja wa watu wetu, yule anayefika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, asiyesema hata neno.

Nitawaeleza lile banda lilivyokuwa mchana. Jua linapenya kwenye matundu ya misumari ya mabati, linashuka kama nyuzi. Sufi inapanda na kushuka ndani ya zile nyuzi. Chini, mashuka meupe yanainuka, yanatua, yanainuka, kila moja kwa mwendo wake, na cherehani ya Fundi inasikika kwa mbali ingawa iko hapo hapo. Ukikaa sana unasahau kama umekaa ama umeinuliwa. Mara nyingi nilikuwa nimeshika shazia, ile sindano yetu kubwa, halafu nashtuka nimeshona ukingo mzima bila kukumbuka. Na katika hali hiyo hiyo macho yangu yalikuwa yanakwenda kwenye miguu iliyochomoza chini ya mashuka. Nilikuwa natafuta mguu ninaoujua. Lakini mguu uliokaa nje unapasuka, unakuwa kama wa mwenzake. Niliiona yote kuwa ya kwake, halafu nikaiona yote si ya kwake.

Godoro la Mwenye Duka likachukuliwa. Zikapita siku, akaja asubuhi moja, nywele zimesimama, amevaa kandambili za mkewe.

"Bibi Sufi! Umeweka nini mle ndani?"

"Sufi, baba."

"Sufi gani! Nimelala kama mfu. Mke wangu alinimwagia maji." Akakaa bila kukaribishwa. Macho yake yalikuwa meupe, safi, kama ya mtoto aliyetoka kuoga. "Ila ndoto si zangu. Mimi ndoto zangu nazijua, ni makufuli na panya. Hizi si zangu, Bibi."

"Umeota nini?"

"Kila nikilala, ni hiyo hiyo." Akaanza kuongea taratibu, kama anayechungulia kitu. "Kuna ua, unanyesha mvua nyeupe isiyolowesha. Kuna mama kijana anapiga mawingu kwa fimbo. Mimi ni mdogo, niko ndani ya mfuko mkubwa, kuna joto, kunanukia jua. Kifuani nimeshika kitu. Sikioni, ila kina moyo unakwenda mbio. Na yule mama ananishonea ndani, anaimba, hajui kama nimo. Nami nataka kumwambia, lakini, Bibi, pazuri mno. Nikiamka natamani kulia. Mtu mzima kama mimi!"

Shazia ilinidondoka.

Jambo hilo lilitokea kweli, na tulikuwa tunalijua wawili tu. Kitinda mimba wangu, bado hajaanza shule, aliingia ndani ya mfuko wa godoro nikiwa najaza sufi, akasinzia humo. Nilishona upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, naimba zangu, mpaka godoro likalia pi, pi, pi. Alikuwa ameingia na kifaranga. Nikafumua kwa meno. Nilimpakata mpaka jioni, na nikamwambia tusimwambie baba yako, atanicheka.

Nikamwita Fundi. "Lile la mistari ulilompelekea bwana huyu, ulilitoa wapi?"

"Pale, si..." Akanyoosha kidole kwenye kivuli, kidole kikahama chenyewe mpaka kule ukutani. "Loo. Bibi. Yalikuwa pacha."

Mwenye Duka akatazama kule. Akaelewa. Nilidhani atapiga kelele. Akawa anavuta tu unyuzi wa sufi kwenye goti lake.

Kule ukutani yule wa kwanza kufika alikuwa ameshalala juu ya godoro lingine, shuka mpaka utosini. Inainuka, inatua. Nilikuwa nimefika pale kabla sijajua kama nimesimama. Mkono wangu ulishika pindo la shuka.

"Funua, Bibi," Fundi akaninong'oneza. "Ni mtoto wako."

Nesi alikuwa mlangoni, amewaleta wengine. Aliwatazama tu wale waliosimama nyuma yake, nao walikuwa wananitazama mimi, kila mmoja ameshika kola ya shati lake, tayari kujifunika, tayari kuondoka. Nikaona nikivuta hii moja nimeyavuta yote. Na yeye mwenyewe, akiamka uso uko wazi mbele ya watu, daraja liko wapi? Liko pale pale. Nitarudi kugusa maboksi.

Nikaachia pindo. Nikavuta rundo la sufi nikakaa karibu na kichwa chake, nikaanza kuchambua, natoa mbegu, nazitupa kwenye bakuli. Wale wa mlangoni wakaingia mmoja mmoja, wakalala.

"Fundi," nikasema kwa sauti ya kawaida, "nimewahi kukuhadithia nilivyomshona mwanangu ndani ya godoro?"

"Hapana, Bibi," akasema Fundi, na cherehani akaisimamisha.

"Basi. Alikuwa wa kimo hiki." Nikaonyesha kwa mkono. "Nikashona pande mbili—"

Shuka iliyokuwa inainuka na kutua ikasimama.

"—na ndani alikuwa ameingia na paka."

Mbegu moja ikadunda kwenye bakuli.

"Paka mkubwa," nikaendelea, "mweupe. Sijui alimtoa wapi. Basi godoro likalia nyau! Nikakimbia mpaka barabarani nikapiga mayowe, baba yake akaja na shoka—"

"Mama, ni kifaranga."

Sauti ilitoka chini ya shuka, imekwaruza, ya mtu ambaye hakuitumia muda mrefu.

"Paka," nikasema. Sufi ikanitoroka vidoleni, ikapanda.

"Kifaranga. Cheusi. Na ni pande tatu, si mbili. Na baba hakuja, ulisema tusimwambie."

Shuka moja kule katikati ikaanza kutikisika kwa kicheko, na ya pili yake ikafuata, mpaka banda zima likawa linacheka bila uso hata mmoja. Mwenye Duka naye alicheka, halafu akajipangusa macho na mkono wa shati.

"Kwa hiyo ndicho kile," akasema, kama aliyepata jibu la mtihani. "Kifaranga." Kisha akanikaribia, sauti chini. "Bibi, lile godoro silirudishi. Ila... likija kulegea, ataweza kulilaza tena? Huyu huyu?"

"Muulize mwenyewe akiamka. Ni kazi yake."

Akatoka kwa kunyata, kandambili mkononi.

Sikufunua. Nilichukua godoro lililokuwa linangoja kushonwa ukingo, nikalivuta mpaka hapo, nikatia uzi kwenye shazia. Zamani, akiwa mdogo, kabla hajasinzia, kazi yake ilikuwa kunishikia donge la uzi lisibingirike mchangani.

Pembeni ya shuka mkono ukatoka, ukakaa chali juu ya mkeka, vidole vimekunjuka. Ulikuwa na makovu, na kucha zake sikuzikata mimi. Nikaweka donge la uzi kwenye kile kiganja. Kikafumba.

"Usinishone tu," akasema.

"Lala," nikamwambia. "Uko kazini."

Nikavuta uzi, naye akauachia kidogo. Nikavuta tena, akaachia. Halafu nikavuta ukawa mzito, hauji, nikajua amelala.