Sikukuu ya Kutunga

Kila mwisho wa kiangazi, chumba cha kufulia cha hoteli ile kilijaa sikukuu kuliko mashuka. Wafanyakazi walitoka nchi mbalimbali na kila mmoja alikuja na siku yake: huyu ya uhuru, yule ya mavuno, wengine ya kuwakumbuka wafu wao. Msimamizi, mtu wa kukwepa lawama, aliruhusu mmoja tu kupumzika kila wiki.

Mpiga pasi mmoja, waliyemwita Chapuchapu kwa uvivu wake, hakuwa na sikukuu yoyote. Alikuwa na usingizi. Basi akatunga yake, macho makavu: kwao, Ijumaa hiyo, watu husafisha makaburi ya mama zao. Mama yake mzazi alikuwa mtaa wa pili, mzima kama kigongo, akigombana na muuza mkaa.

Kumbe Ijumaa hiyo ilishaombwa na Shangazi, mkunja mashuka, ambaye kwao siku kama hiyo ipo kweli, na ikipita imepita hadi mwakani.

"Mwachie mwanangu aende," Shangazi alimwambia msimamizi. "Mama yangu atanielewa."

Kisha akamkabidhi Chapuchapu maua aliyokwisha kuyanunua. "Mpelekee mama. Mwambie yametoka kwangu."

Ijumaa ikafika, na usingizi aliouombea ruhusa haukuja. Maua yalikuwa kwenye ndoo, yanamtazama. Kuyatupa alishindwa, roho ilimsuta. Jioni akampelekea mama yake.

"Tangu nikuzae hujaniletea hata jani!" mama akasema, machozi yakimlengalenga. "Nani kakufunza?"

"Shangazi mmoja wa kazini. Yametoka kwake."

"Jumatatu nakuja kumshukuru."

Mwanawe akamwambia kazini wageni hawaruhusiwi. Mama akacheka tu. Hapo Chapuchapu akajua lazima amwambie Shangazi ukweli kabla mama hajafika, maana njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa ya mtaa mmoja.

Jumatatu aliwahi, jambo lililowashangaza wote. Shangazi akamtangulia kusema. "Umemsafishia vizuri, mwanangu?"

"Vizuri sana," akajibu. Aliuchukia ulimi wake palepale. Alikuwa bado anatafuta maneno mengine mlango ulipofunguliwa.

"Hodi! Mimi ndiye mama wa huyu mvivu. Dada, maua yako nimeyaweka dirishani."

Shangazi alimtazama mgeni, akamtazama Chapuchapu. Mikono yake ikasimama juu ya shuka. Kisha akavuta kiti, akakipangusa kwa kitambaa.

"Karibu, dada yangu. Keti."

Mama akaketi, akapumua, na kwa adabu zake zote akauliza, "Na mama yako wewe, hajambo?"

Chapuchapu alitaka kusema.

"Hajambo," Shangazi akajibu, akaendelea kukunja.

Chapuchapu alitamani Shangazi amtukane, amtukane mbele ya mama yake na ya kila mtu. Shangazi akamuuliza mgeni kama angependa chai.