Bando la Ua Mzima

Jumapili saa saba mchana Kubwimana alivaa suti ya kijivu, akafunga mlango wa chumba chake polepole kama mwizi, akanyata kuelekea langoni. Hakufika hata kwenye bomba la maji.

"Weye, unaenda wapi na mtandao yetu?" jirani yake Générose akamuuliza.

Swali lilikuwa halali, na Kubwimana alijua. Wapangaji wa ua ule wa mtaa wa Kimisagara walikuwa wamechoka kunyonywa. Kila asubuhi mtu ananunua kibando cha mtandao cha siku, usiku wa manane kibando kinafutwa hata kama hakijaisha, na kesho yake ananunua kingine. Kwa mwezi, maskini anakuwa amelipa zaidi kuliko tajiri, na tajiri ndiye aliyeangalia filamu. Générose ndiye aliyegundua mchezo huo, kwa sababu yeye mwenyewe aliuza mafuta ya mawese kwa kikombe. "Anayenunua kwa kikombe ndiye anayenilipia kodi ya nyumba," alisema bila haya. "Mie nawajua hao watu wa simu. Iko biashara moja na yangu."

Basi wakachanga, wakanunua bando moja kubwa la mwezi mzima, likawekwa kwenye simu ya Kubwimana kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na betri nzima. Simu ikawa inagawa mtandao kwa ua wote, na kila mtu akawa analipa robo ya alichokuwa analipa zamani. Walitamba wiki nzima. Kitu kimoja tu hawakukipigia hesabu: mtandao wa namna hiyo hauvuki chumba cha tatu, na simu ikitoka, umetoka nayo. Kubwimana alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Wateja wake walikuwa kwenye simu ile, pesa zake zilikuwa kwenye simu ile, hawezi kuiacha nyumbani. Ikawa akienda kwa kinyozi, wanaenda kwa kinyozi. Akiingia chooni, wanakusanyika nje na kumsihi asiharakishe.

Lakini leo alitaka kwenda peke yake. Alikuwa anakwenda Kinyinya, upande wa pili wa mji, kwa baba yake Natacha.

Kubwimana alimpenda Natacha kwa miaka miwili, na katika miaka hiyo miwili alikuwa ameongea naye habari za mvua, bei ya mabati na afya ya kila ndugu aliye hai. Neno lenyewe hakuwahi kulitamka. Mzee Mutabazi, baba yake Natacha, alikuwa mtumishi wa serikali mstaafu aliyekulia Tabora, mtu wa maneno machache na mashati yaliyopigwa pasi. Alikuwa ametuma salamu kupitia binti yake: kijana aje peke yake, aseme kwa kinywa chake anachotaka. Akishindwa kusema, asirudi tena.

"Naenda kwa wakwe," Kubwimana akanong'ona. "Nitarudi jioni."

"Na rozari yangu?" Générose akauliza. Kila Jumapili alifuata rozari ya moja kwa moja kutoka Bujumbura kwa ajili ya magoti yake. "Nimelipa mwezi. Sikulipa mwezi ukitoa Jumapili."

Keith, kijana aliyekulia Kampala na ambaye Jumapili yake yote ilikuwa mpira, alitokeza kichwa mlangoni. "Kaka, mechi inaanza saa nane. Usinifanyie hivyo." Nyuma yake akaja Shakira, ambaye aliuza magauni kwa video za moja kwa moja, tayari amepaka rangi ya mdomo.

Kubwimana alikuwa na moyo wa siagi. Wakakubaliana kwamba watakaa nje ya ukuta wa Mzee, kimya, wasionekane.

Pikipiki nne ziliteremka Kimisagara zikiwa zimebanana kama za msafara wa rais, maana waendeshaji walikuwa wamekatazwa kuachana. Kwenye mlima wa kwenda Kinyinya pikipiki ya Keith ikachoka, akabaki nyuma, akawa anapiga kelele kwamba wamsubiri, mtandao umekatika na amekosa mpira wa kona. Watu wa barabarani waliwapungia mikono. Walidhani ni harusi.

Mzee Mutabazi alikuwa amekaa barazani na shati jeupe. Kubwimana akaingia, akasalimu kwa mikono miwili, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Akafungua mdomo. Akasema geti la Mzee limechomelewa vibaya kwenye bawaba.

"Najua," Mzee akasema. "Umekuja kwa ajili ya geti?"

Kubwimana alikuwa anatafuta la kusema wakati mikono miwili ilipochomoza juu ya ukuta, imenyooshwa mbinguni. Padri wa Bujumbura alikuwa amewaambia waumini wainue mikono, na Générose hakuwa mtu wa kubishana na padri.

"Nani hao?" Mzee akauliza.

"Ni... majirani zangu, Mzee. Nimekuja nao."

Mzee Mutabazi akasimama. Alienda mwenyewe kufungua geti, akawaona watu watatu waliojipanga ukutani, mmoja akiwa na rozari shingoni. Sura yake ikabadilika. "Kijana, nilikuita wewe, umeniletea washenga," akasema. Kubwimana akataka kueleza, lakini Mzee alishaingia ndani kutafuta koti. Watu waliokuja kuposa hawarudishwi langoni, hata wakija bila taarifa. Huketishwa, hunyweshwa kitu, na msemaji wao husikilizwa.

Wakaketishwa kwenye benchi, upande wa bwana harusi. Natacha akatumwa Fanta, na alipopita akamtazama Kubwimana kwa jicho la kuuliza anafanya nini. Hata yeye hakujua anafanya nini.

"Haya," Mzee akasema akiwa ndani ya koti, akimwelekea Générose kwa kuwa ndiye mkubwa. "Kijana wenu ana tabia gani?"

Générose alikuwa na kidude cha sikio upande mmoja. "Utuombee," akajibu kwa unyenyekevu.

Mzee akatikisa kichwa taratibu, hakuridhika. Akamgeukia Keith. "Wewe, unaweza kumdhamini huyu?"

"Hapana, hapana, hapana," Keith akasema akijishika kichwa. Mshambuliaji wake alikuwa ametoa mpira nje goli likiwa tupu.

Shakira peke yake ndiye aliyekuwa na furaha. Wateja wake hawakulitaka gauni, ila walikuwa wanaulizia pazia la dirishani lililokuwa nyuma yake, na alishaliuza mara mbili kabla Mzee hajagundua kwamba linalouzwa ni la sebuleni kwake.

"Hizo simu mnaangalia nini?" Mzee akauliza, sauti ikipanda.

Ikabidi Kubwimana aeleze yote, tangu vibando vya siku hadi msafara wa pikipiki. Alitegemea kufukuzwa. Lakini Mzee alikaa akisikiliza kwa makini zaidi kuliko alivyosikiliza kitu chochote siku hiyo, kwa maana naye alikuwa na kidonda. Alinunua bando kila Jumatatu, na Jumatano halipo. Hakuwa anaangalia chochote. Linaenda wapi?

"Niunganishe na mimi," akasema akitoa simu. "Nione kama yenu inakaa. Nywila ni ipi?"

Benchi zima likainama kuficha kicheko. Walikuwa wameiandika nywila hiyo wote.

"Natachawangu," Kubwimana akasema kwa sauti ndogo. "Herufi ndogo. Yote pamoja."

Mzee Mutabazi akavaa miwani, akaiandika herufi kwa herufi, akiitamka.

Hapo ndipo balaa lilipoingia. Simu ya Mzee ilikuwa kwenye kundi la ukoo lenye watu wa nchi tatu, na ilikuwa imeachiwa ipakue kila kitu bila kuulizwa. Iliponusa mtandao wa bure ikaanza kuvuta kila harusi, kila ubatizo, kila video ya shangazi akicheza, kila picha ya ua lenye maneno ya asubuhi njema. Shakira akawa wa kwanza kuganda, mdomo wazi. Rozari ikakatika kabla ya amina. Keith akapiga yowe, mpira ulikuwa umewekwa kwenye alama ya penati. Simu ya Kubwimana ikalia: bando limekwisha.

Kila mtu akaitazama simu ya Mzee, iliyokuwa bado inamwonyesha shangazi akicheza.

"Mzee," Générose akasema, "umekula mwezi yetu."

Mzee Mutabazi akaona aibu ya kweli. Katika maisha yake yote hakuwahi kula cha mtu. Akavua miwani. "Nimewakosea wageni nyumbani kwangu," akasema. "Semeni mnataka nini, niwalipe."

Générose akavuta pumzi ya kutaja bei.

"Natacha," Kubwimana akasema.

Hata yeye alishtuka. Neno lilikuwa limetoka lenyewe, limesimama katikati ya baraza mbele ya watu wote. Natacha alikuwa mlangoni na sinia la Fanta.

"Baba, walipe bando lao," akasema. "Mimi siolewi kulipia video za shangazi." Kisha akamgeukia Kubwimana. "Na wewe. Baba umemwambia. Mimi umeniuliza lini?"

Kubwimana akatafuta kichwani, miaka miwili yote. "Bado," akakiri.

"Basi niulize."

Mzee alikuwa keshatuma pesa. Ujumbe ukaingia, bando jipya la mwezi, na vichwa vyote vikainama kwa pamoja, cha Mzee kikiwemo, kwa kuwa Keith alikuwa anamwonyesha mahali pa kuizuia simu isipakue ovyo.

"Natacha," Kubwimana akasema, "nimekupenda muda mrefu na nimekuwa mwoga muda wote huo. Utakubali nikuoe?"

Natacha akaweka sinia chini. "Nimekubali tangu mwaka jana. Nilikuwa nasubiri ufungue mdomo."

Kubwimana akageuka, uso ukiwaka kwa furaha. Hakuna aliyesikia. Penati ilikuwa inarudiwa, Générose alikuwa ameirudia amina yake, Shakira alikuwa anajadili urefu wa pazia. Akachukua simu yake, akaufunga mtandao.

Nyuso nne zikainuka kwa hasira.

"Amekubali," akawaambia.

"Nani amekubali?" Mzee Mutabazi akauliza.

"Mimi, Baba," Natacha akasema.

Mzee akaizima simu yake kabisa, akaitia mfukoni mwa koti, akamnyooshea Kubwimana mkono.