Swichi ya Jikoni

Fundi Waya aliamini vitu viwili duniani: kazi ya mikono yake, na dada yake. Kila alipopiga kinanda chake cha umeme sebuleni, dada alimwambia, "Mdogo wangu, una kipaji." Majirani waliofunga madirisha, shauri yao.

Basi dada alipoomba soketi ya sebuleni iendeshwe na swichi mbili, moja mlangoni, nyingine jikoni, hakuuliza mara mbili.

"Nipate kuzima feni bila kuacha chungu motoni," alisema dada.

Fundi akachimba ukuta, akapitisha nyaya, akakaza skrubu kwa taadhima ya mtu anayefungisha ndoa. Swichi za aina hiyo hutenguana: mmoja akizima kwa hii, mwingine huwasha kwa ile.

Jumapili mchana akaja mchumba wa Fundi kumsikia akipiga kwa mara ya kwanza. Fundi akachomeka kinanda kwenye soketi ile, akakohoa, akanyoosha vidole, akaanza. Ubeti wa pili, kinanda kikakata kauli. Akabonyeza swichi ya mlangoni, kikafufuka. Hakijamaliza ubeti, kikafa tena.

"Dada, umeme unasumbua!"

"Pole, mdogo wangu!" Sauti ya jikoni ilijaa huruma.

Mchumba akauliza taratibu, "Hizi nyaya alifunga nani?"

"Mimi."

Akazima umeme wa nyumba nzima, akafungua swichi ya mlangoni, akavuta waya mmoja mmoja. Yote imara. Akarudisha umeme, akabonyeza swichi, kinanda kikafufuka.

"Bonyeza kitufe hiki cha kinanda, usiachie," akamwambia mchumba, akaenda jikoni na bisibisi yake.

Dada alikuwa ameshika mwiko mkono mmoja. Kidole cha mkono wa pili kilikuwa juu ya swichi.

Kinanda kikanyamaza.

"Tangu lini?" Fundi alinong'ona.

"Tangu ulipoifunga."

"Na kipaji je?"

"Unacho. Mimi sikusema cha nini." Dada akaipapasa swichi. "Hebu ona ilivyo laini."

Njia nzima Fundi alikuwa ameomba akute waya uliolegea. Waya ungekazwa.

Akarudi sebuleni. Mchumba bado alikuwa amekibonyeza kinanda kilichokufa, mtiifu kama alivyoagizwa.

"Umeona hitilafu?"

Fundi, ambaye hajawahi kuisingizia kazi yake, akachomoa plagi.

"Nimeona," akasema. "Nilifunga vibaya."

Jikoni, mwiko ukaanguka sakafuni. Fundi hakugeuka.