Birika la Nne

Birika la kwanza alilikuta jikoni siku aliyofika, likichemsha maji. La pili na la tatu aliyakuta wiki tatu baadaye, alipofungua kabati la juu akitafuta chumvi: mapya, hayajatolewa kwenye maboksi, na kila boksi limegongwa muhuri wa kijani wa benki.

Mtu mwingine angechukua chumvi akafunga kabati. Yeye alikuwa fundi wa mizani katika kiwanda cha dawa. Kila asubuhi aliweka mawe ya kupimia juu ya mizani, moja baada ya jingine, akaandika kila mizani imedanganya kwa gramu ngapi. Mizani zote hudanganya, ndivyo alivyofundishwa. Suala ni kiasi. Alishusha boksi moja, akalisoma pande zote sita, akalirudisha.

"Dada, haya mabirika vipi?"

"Ya shemeji yako hayo. Benki walimpa."

"Benki inagawa mabirika?"

"Mwulize mwenyewe, mdogo wangu. Mimi nangoja chumvi."

Hakumwuliza. Alianza kumwangalia. Shemeji yake alikuwa fundi wa lifti, mwaka wa tisa sasa katika mji ule wa ugenini, na tangu yeye afike haujapita mlo bila shemeji kuitaja benki ya mlango wa kijani. Akaunti ufungue pale. Pale wanatujua. Pale hata fomu wanayo ya Kiswahili. Kadiri alivyosifia, ndivyo fundi wa mizani alivyozidi kurudi nyuma.

Na akaunti ilikuwa lazima. Binti yake wa miaka kumi alikuwa amebaki nyumbani kwa bibi yake. Ili aruhusiwe kumfuata mama, watu wa uhamiaji walitaka kuona mishahara mitatu imeingia mfululizo kwenye akaunti ya pale pale nchini, kwa jina la mama, kabla shule hazijafunguliwa. Alihesabu kurudi nyuma mara mbili: mshahara wa kwanza lazima uwe wa mwezi huu. Ofisa utumishi wa kiwanda alikuwa amemwambia bila kuinua macho kwamba namba ya akaunti imfikie Alhamisi kabla ya saa kumi na moja jioni. Ikichelewa, mshahara utalipwa mwezi ujao pamoja na unaofuata. Kwa kiwanda hilo halikuwa tatizo. Kwa mtoto lilikuwa mwaka mzima wa shule.

Basi alichora jedwali. Benki ya vioo pale kwenye kona, benki ya kwenye simu isiyo na ofisi, na benki ya mlango wa kijani. Makato ya mwezi, gharama ya kutuma nyumbani, masharti ya kufunga. Benki ya kijani ilishika mkia katika safu mbili kati ya tatu.

"Hiyo ya vioo ni ya watu wa vioo," shemeji alisema Jumanne jioni, akichungulia jedwali. "Watataka bili ya umeme yenye jina lako. Wewe unalala kwenye kochi langu, shemeji. Utawapelekea bili ya kochi?"

Akaweka fomu mezani. Ilikuwa kweli ina pande mbili, mbele lugha ya pale na nyuma Kiswahili. Lugha ya pale bado aliisoma kwa kubahatisha, kwa hiyo aligeuza. Chini kabisa palikuwa na mstari: *Jina na sahihi ya mdhamini*. Akageuza tena. Upande wa mbele, mstari wa mwisho ulikuwa umeshajazwa jina la shemeji, na sahihi yake ndefu kama waya wa lifti.

"Mdhamini wa nini?"

"Wa akaunti."

"Akaunti ya mshahara haina mdhamini. Mkopo ndio wenye mdhamini."

"Hapa ndivyo wanavyotaka. Wewe weka sahihi tu, kesho naipitisha."

*Weka sahihi tu.* Maneno hayo hayo aliambiwa kwao na mwenzake wa maabara, kijana mpole, msafi wa kucha. Aliweka sahihi kama mdhamini wa mkopo wake, kijana akaacha kazi na namba yake ya simu haikupatikana tena, na yeye akakatwa mshahara miezi kumi na mmoja. Penye mdhamini pana mkopo. Mkopo huu ni kwa jina la nani? Na nani ataula?

"Na mabirika?" Hakukusudia kuuliza, mdomo ulimtangulia.

Shemeji alitazama kabati, kisha akamtazama mkewe. "Ukipeleka mteja wanakupa birika. Kwani siri?"

"Hukusema."

"Hukuuliza."

"Mabirika matatu, watu watatu. Wako wapi?"

"Mmoja kaolewa mji mwingine. Mmoja yupo, anafanya kazi bandarini. Mmoja..." akakuna shingo, "karudi kwao."

Alisita hapo kwa muda wa pumzi moja. Fundi wa mizani aliipima pumzi hiyo na kuiweka akiba. Kisha akachukua kalamu, akapitisha mstari mmoja juu ya jina la shemeji, akaandika tarehe na herufi zake za kwanza. Kiwandani ndivyo kosa linavyosahihishwa: mstari mmoja, kilichokatwa kiendelee kusomeka. Kwake hiyo ilikuwa adabu.

"Umenikata," shemeji alisema.

"Nimesahihisha."

"Umenikata, shemeji. Mbele ya mke wangu." Akanyanyua sanduku la vifaa, akaenda kukaa nalo barazani kama mgeni.

Jumatano aliomba ruhusa ya asubuhi. Benki ya vioo walimpa kiti kizuri, kisha wakataka bili ya umeme au mkataba wa nyumba kwa jina lake. Mwenye nyumba aliyekuwa na chumba cha kupangisha alikuwa ameshamwambia kwamba bila akaunti ya benki ya hapa hampi mkataba. Benki ya kwenye simu ilimpiga picha ya uso mara nne, ikamjibu kwamba namba yake ya simu haijatimiza miezi sita.

Alhamisi saa nane mchana alisukuma mlango wa kijani.

Aliyempokea alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Fundi wa mizani alimwomba kwa lugha ya pale, polepole, amsomee ule mstari wa mwisho kama ulivyo upande wa mbele. Yule mama aliweka kidole chini ya kila neno.

"Mtu unayeishi kwake. Anathibitisha kwamba unaishi kwake. Basi."

"Hakuna mkopo?"

"Mkopo gani? Huna hata akaunti."

"Na yeye anapata nini?"

"Birika." Mama akasukuma miwani juu. "Na katika miaka miwili ya kwanza, ukiondoka nchini bila kufunga akaunti, makato yaliyobaki tunamdai yeye."

Aliigeuza fomu upande wa Kiswahili. Wiki zote hizo alikuwa ameshuku kila kitu katika nyumba ile isipokuwa Kiswahili. Mtu fulani aliyekaa mahali akitafsiri fomu alikuwa amelikosa neno la mwenyeji, akachukua lililo karibu. Naye, kwa sababu lilikuwa neno la kwao, aliliamini bila kulipima.

Fomu yenye mkato haikufaa. Ilitakiwa mpya, na mwenyeji aje mwenyewe kabla ya saa kumi.

Shemeji alikuwa kazini mtaa wa pili, katika jengo la ofisi lenye kibao cha *Lifti haitumiki*. Milango ya lifti ilikuwa wazi na mwanga wa tochi ukipanda kutoka shimoni.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Kina mimi ni wengi."

"Mimi shemeji yako."

"Shemeji yangu alinikata Jumanne." Lakini kichwa kilijitokeza, na grisi kwenye paji la uso.

Alimweleza yote kwa mpangilio, bila kujitetea. Kisha akasema, "Yule aliyerudi kwao hakufunga akaunti."

"Nani kakwambia?"

"Ulisita."

Shemeji alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Makato ya miezi kumi na minne. Barua ilikuja kwangu. Dada yako hajui, na asijue."

"Na bado ukaniwekea sahihi."

"Wewe utakimbilia wapi? Kochi lako liko kwangu."

"Kwa nini hukunieleza?"

"Mimi hujaza upande wa mbele. Hicho Kiswahili chao nakisikia leo kwako." Akalitupia tambara begani. "Sasa unataka niweke tena sahihi. Na mimi safari hii nataka yangu."

Akachomoa kadi ya ukaguzi wa lifti. Penye *Kazi iliyofanyika* aliandika kwamba shemeji yake hataondoka nchini kabla ya kufunga akaunti. Penye *Kasoro zilizoonekana* akaandika: haamini mtu. Akampa kalamu.

Aliisoma mara mbili. "Hapa kwenye kasoro."

"Eeh. Unataka kusahihisha?"

"Hapana. Ni sawa." Akaweka sahihi penye *Mwenye jengo*.

Saa tisa na nusu akaunti ilikuwa na namba. Mama wa miwani mbili alimkabidhi shemeji boksi la birika, na shemeji hapo hapo mlangoni akamsukumia fundi wa mizani. "La chumba chako, mtoto akija."

Aliligeuza geuza, pande zote sita.

"Unatafuta nini tena?"

"Kadi ya dhamana."

"Hilo lina dhamana ya mwaka mmoja," shemeji alisema. "Wewe nimekudhamini miaka miwili, na hukuja hata na boksi."

Ofisa utumishi alipokea namba saa kumi na dakika arobaini. Fundi wa mizani alimwomba amsomee tena kutoka kwenye kompyuta, tarakimu moja moja, kisha mara ya pili. Ofisa alishusha pumzi, akasoma. Mshahara utaingia mwezi huu.

Kabla ya kwenda nyumbani alipitia karakana yake ya mizani, akalitoa birika kwenye boksi, akaliweka juu ya mizani aliyoipima mwenyewe asubuhi ile. Boksi lilisema gramu mia tisa na hamsini. Mizani ilisema mia tisa thelathini na nane. Aliandika tofauti kwenye ukingo wa jedwali lake la benki: pungufu kumi na mbili. Akafikiri kidogo, akaongeza: inakubalika.